Nani Amekataa? Uchunguzi wa Kushindikana kwa Ugawaji wa Kumbukumbu na Ukomo wa Swapu katika Mifumo Endeshi Pepe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuchunguza kushindikana kwa ugawaji wa kumbukumbu katika mifumo endeshi inayofanya kazi ndani ya mashine pepe, pamoja na nafasi ya swapu katika tatizo hilo. Hoja kuu ni kwamba ujumbe wa kushindikana haumtaji mtenda. Kumbukumbu ya mashine huweza kuwa bado ipo, ilhali mmoja kati ya wadhibiti wanne, yaani mchakato wenyewe, kontena, kiini cha mfumo au haipavaiza, amefikia ukomo wake. Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya mchunguzi ni kumtambua aliyekataa. Kuchagua tiba ni kazi ya pili. Ufafanuzi umejengwa juu ya mfumo wa Linux, na mifano imechukuliwa katika mazingira ya seva za taarifa za afya za aina inayotumika Tanzania.

Istilahi muhimu: kumbukumbu, swapu, mashine pepe, kontena, haipavaiza, MTUHA

1.0 Utangulizi

Ijuganyondo ni miongoni mwa kata za Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera. Kama ilivyo kwingineko Tanzania Bara, taarifa za huduma za afya wanazopata wakazi wa manispaa hiyo huanzia katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Takwimu za vitabu hivyo hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa katika DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, ambayo ilienezwa nchi nzima katika muongo wa 2010. DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, huendeshwa chini ya Tomcat, na huhifadhi data zake katika hifadhidata ya PostgreSQL. Kwa kawaida programu hizi huwekwa katika seva za Linux, na mara nyingi seva hizo ni mashine pepe au makontena yaliyomo ndani ya mashine kubwa zaidi.

Mwuguzi anayejumlisha vitabu vya mwezi haioni seva hiyo, wala ofisa wa takwimu wa wilaya haioni. Wote wawili huona ukurasa unaofunguka au unaokataa kufunguka. Hata msimamizi wa seva huwa mbali na mashine halisi, kwa kuwa hupewa tu mlango wa kuingilia mashine pepe iliyohifadhiwa katika kituo cha data kilicho umbali wa mamia ya kilomita. Umbali huo ndio unaofanya uchunguzi wa tatizo utegemee kusoma dalili kwa usahihi.

Umuhimu wa jambo hili kwa Kagera hauhitaji mfano wa mbali. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani humo, wa kwanza kuthibitishwa nchini. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, wagonjwa 9 walikuwa wameorodheshwa na 6 kati yao walikuwa wamefariki. Januari 2025 ugonjwa huohuo ulithibitishwa tena, safari hii wilayani Biharamulo. Katika mazingira ya namna hii, saa mbili ambazo seva ya taarifa haipatikani kwa sababu tiba isiyo sahihi inajaribiwa ni gharama ambayo haiandikwi katika ankara yoyote.

2.0 Kushindikana na Kukataliwa

Ujumbe unaotolewa na Linux pale ombi la kumbukumbu linapogonga mwamba unaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa "ugawaji wa kumbukumbu umeshindikana". Kitenzi hiki kimo katika kauli ya kutendeka. Wanaisimu wa Kiswahili wameonesha kwa muda mrefu kwamba kauli hii, tofauti na kauli ya kutendwa, haimpi nafasi mtenda. Twasema "mlango umefunguliwa na Juma", lakini hatusemi "mlango umefunguka na Juma" tukimaanisha kwamba Juma ndiye aliyeufungua. Kauli ya kutendeka hutaja hali na kumficha aliyeisababisha.

Tofauti hii ina thamani ya kiutendaji. Msimamizi anayesoma "umeshindikana" hukimbilia kuhitimisha kwamba kumbukumbu imekwisha, kana kwamba hakuna aliyefanya uamuzi. Ukweli ni kwamba kila kushindikana kwa ugawaji ni kukataliwa: kipo chombo kilichopokea ombi, kikatazama daftari lake, kikasema hapana. Uchunguzi ni kazi ya kuigeuza sentensi ya kutendeka kuwa sentensi ya kutendwa, kisha kujaza jina linalofuata kiunganishi "na".

Katika makala haya, *kumbukumbu kuu* ni ile inayotumiwa moja kwa moja na kichakato cha kompyuta, na *swapu* ni sehemu ya diski ambamo kurasa za kumbukumbu zisizotumika kwa wakati huo huhamishiwa. *Kiini* ni sehemu ya mfumo endeshi inayogawa rasilimali. *Haipavaiza* ni programu inayosimamia mashine pepe, na mashine halisi inayozibeba ni *mwenyeji*. Mfumo ulio ndani ya mashine pepe ni *mgeni*. *Kontena* hutofautiana na mashine pepe kwa kuwa halina kiini chake lenyewe, bali hutumia kiini cha mfumo uliolibeba.

3.0 Ahadi na Malipo

Dhana ya kumbukumbu pepe ni kongwe. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa 1962, tayari iliweza kuziunganisha kumbukumbu kuu na ngoma ya sumaku zikaonekana kwa programu kama hazina moja. Katika mifumo yenye kumbukumbu pepe, programu haigusi kumbukumbu halisi moja kwa moja. Huomba eneo la anwani, nalo kiini hulijaza kurasa halisi pale tu programu inapoliandikia. Katika kompyuta nyingi za leo kila ukurasa una kilobaiti 4.

Kwa hiyo ugawaji una hatua mbili: ahadi na malipo. Kikundi cha kuweka na kukopa chaweza kuidhinisha mikopo inayozidi fedha zilizomo sandukuni, kikitaraji kwamba wanachama hawatakuja wote siku moja. Linux hufanya vivyo hivyo, na kiwango cha ukarimu wake huamuliwa na kigezo kiitwacho vm.overcommit_memory, chenye thamani tatu. Thamani 0, ambayo ndiyo ya kawaida, hukataa ombi moja lililozidi kumbukumbu kuu yote pamoja na swapu yote, na huruhusu mengineyo. Thamani 1 haikatai ahadi yoyote. Thamani 2 huweka ukomo wa jumla: ahadi zote zisizidi swapu ikijumlishwa na asilimia fulani ya kumbukumbu kuu, na asilimia hiyo ni 50 isipobadilishwa.

Matokeo yake ni kushindikana kwa namna mbili. Ahadi ikikataliwa, programu hupewa jibu hapohapo na yaweza kujieleza. Ahadi ikikubaliwa lakini malipo yakakosekana baadaye, hakuna tena wa kuambiwa "hapana". Kiini huchagua mchakato mmoja na kuuua kwa ishara namba 9, na katika makontena tukio hilo huonekana kama msimbo wa kutokea 137, yaani 128 ikijumlishwa na 9. Namna ya kwanza huacha malalamiko katika kumbukumbu za programu. Namna ya pili huacha ukimya katika programu na maelezo katika kumbukumbu za kiini. Mchunguzi asiyetenganisha namna hizi mbili atatafuta ushahidi mahali ambapo haupo.

4.0 Wadhibiti Wanne

4.1 Mchakato wenyewe

Mdhibiti wa karibu zaidi ni ukomo uliowekwa juu ya mchakato. Programu ya Java hupangiwa ukubwa wa juu wa lundo lake kwa chaguo la -Xmx. Lundo likijaa, Java yenyewe hutangaza kosa la OutOfMemoryError, hata kama mashine ina gigabaiti kadhaa zilizo huru. Vilevile, amri ya ulimit yaweza kuwa imeuwekea mchakato ukomo wa eneo la anwani. Katika hali hizi kiini hakina hatia, na kuongeza swapu hakubadilishi chochote.

4.2 Kontena

Makontena ya Linux hudhibitiwa kwa utaratibu wa cgroup, ulioingizwa katika toleo la 2.6.24 la kiini mwaka 2008. Katika toleo la pili la utaratibu huo, faili la memory.max hutaja ukomo wa kumbukumbu, na memory.swap.max hutaja ukomo wa swapu, kila kimoja peke yake. Katika toleo la kwanza, ukomo wa memsw ulikuwa jumla ya vyote viwili. Mkanganyiko wa matoleo haya ni chanzo cha makosa mengi ya usanidi. Docker hufuata desturi ya jumla: mtu anayeandika kumbukumbu megabaiti 300 na "memory-swap" gigabaiti 1 ameruhusu swapu ya takribani megabaiti 700, wala si gigabaiti nzima.

Ushahidi wa kukataa kwa kontena hupatikana katika faili la memory.events, ambalo huhesabu mara ambazo ukomo ulifikiwa na mara ambazo mchakato uliuawa. Katika kumbukumbu za kiini, mstari wa tukio hilo huanza kwa maneno "Memory cgroup out of memory"; tukio la mashine nzima huanza kwa "Out of memory" pekee. Maneno hayo mawili ya mwanzo, yanayorukwa na wasomaji wengi, ndiyo yanayomtaja mtenda.

Ipo hali nyingine inayohusu Java. Matoleo ya zamani, kabla ya Java 10 na kabla ya sasisho la 191 la Java 8, hayakutambua ukomo wa kontena. Yalisoma kumbukumbu ya mashine nzima na kujipangia lundo la hadi robo yake. Katika mashine ya gigabaiti 16, Java iliyofungiwa katika kontena la gigabaiti 2 ilijiona ina haki ya gigabaiti 4, ikauawa ilipojaribu kuzitumia.

4.3 Kiini cha mgeni

Mdhibiti wa tatu ni kiini cha mashine pepe yenyewe. Daftari lake ni faili la /proc/meminfo, ambamo mistari miwili hutazamwa pamoja: CommitLimit, yaani ukomo wa ahadi, na Committed_AS, yaani ahadi zilizokwisha kutolewa. Ukomo huo hutekelezwa pale tu kigezo cha ahadi kina thamani 2.

Hapa hifadhidata mbili mashuhuri hutoa ushauri unaopingana. Nyaraka za PostgreSQL hupendekeza thamani 2, ili kiini kikatae mapema badala ya kuua mchakato mkuu wa hifadhidata. Nyaraka za Redis hupendekeza thamani 1. Sababu ni kwamba Redis hujigawa ili kuhifadhi data zake diskini. Mchakato pacha huhesabiwa kuwa na ahadi sawa na mzazi wake, ingawa wote wawili hutumia kurasa zilezile hadi mmoja wao atakapoandika, hivyo chini ya thamani 2 mgawanyiko huo huweza kukataliwa bila ulazima. Msimamizi anayeweka programu zote mbili katika mashine pepe moja anapaswa kufanya uamuzi, kwa kuwa kigezo hiki ni cha kiini kizima, na makontena hayawezi kuwa na thamani tofauti.

4.4 Haipavaiza na mwenyeji

Mdhibiti wa nne haonekani kwa mgeni. Mwenyeji naye huahidi kupita akiba yake: hugawa mashine pepe zenye jumla ya kumbukumbu inayozidi iliyopo. Mwaka 2002 Carl Waldspurger alieleza mbinu ya puto iliyotumika katika VMware ESX. Kiendeshi maalumu ndani ya mgeni huomba kumbukumbu na "kuvimba", mgeni hulazimika kutafuta kurasa za kuachia, na kurasa hizo hurejeshwa kwa mwenyeji. Mbinu kama hiyo ipo pia katika KVM, ambayo imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Puto lisipotosha, mwenyeji huhamishia kurasa za mgeni katika swapu yake mwenyewe, bila kumjulisha.

Dalili zake hupotosha. Mgeni huonesha kumbukumbu ya kutosha na swapu isiyoguswa, lakini kila kazi huchelewa. Katika KVM, jumla ya kumbukumbu inayoonekana kwa mgeni yaweza pia kupungua bila usanidi kubadilishwa. Msimamizi wa mgeni hana uwezo wa kuthibitisha jambo hili peke yake. Anachoweza ni kuandika vipimo vya saa na tarehe, kisha kumwuliza mtoa huduma.

5.0 Swapu na Mipaka Yake

Swapu huelezwa mara nyingi kuwa ni kumbukumbu ya ziada. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa swapu ina kazi mbili. Ya kwanza ni ghala: kurasa zisizotumika huhamishiwa huko. Ya pili ni dhamana: chini ya thamani 2, kila megabaiti ya swapu huongeza ukomo wa ahadi, hata kama haitaandikiwa kamwe. Dhamana haihitaji kuwa ya kasi, inahitaji kuwepo. Ghala ni jambo jingine. Kusoma kumbukumbu kuu huchukua takribani nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka huchukua takribani milisekunde 10, tofauti ya mara 100,000. Peter Denning alionesha mwaka 1968 kwamba pale kurasa zinazohitajika kwa wakati mmoja zinapozidi kumbukumbu iliyopo, mfumo hutumia muda wake kuhamisha kurasa badala ya kufanya kazi. Katika hali hiyo, kuongeza swapu hurefusha tu mateso. Mashine ambayo ingemwua mchakato mmoja na kuendelea hubaki hai kwa jina bila kumjibu mtu yeyote.

Swapu pia ina mipaka ya kimamlaka. Ndani ya kontena la kawaida lisilo na haki za juu, amri ya swapon hukataliwa, kwa kuwa swapu ni mali ya kiini na kiini si cha kontena. Wateja wa seva za OpenVZ waliijua hali hii vizuri: waliweza kutengeneza faili la swapu lakini si kuliwasha. Utaratibu huo ulikuwa na faida moja kubwa, nayo ni faili la /proc/user_beancounters, lenye safu ya failcnt iliyohesabu mara ambazo kila ukomo ulikataa ombi. Kila mdhibiti aliandika jina lake.

6.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Hatua zifuatazo zinakwenda kutoka kwenye ushahidi wa karibu hadi wa mbali. Takwimu za mifano zimetungwa kwa ajili ya ufafanuzi.

Kwanza, itambuliwe namna ya kushindikana: je, programu ililalamika, au ilitoweka? Pili, iliyolalamika isomwe kauli yake: kosa la lundo la Java humtaja mdhibiti wa kwanza, kosa la kushindwa kuanzisha mchakato mpya huelekeza kwa kiini. Tatu, iliyotoweka itafutwe katika kumbukumbu za kiini kwa amri ya dmesg, na isomwe kama ni kontena au ni mashine nzima. Nne, zilinganishwe ahadi na ukomo wa ahadi. Tano, isomwe /proc/pressure/memory, iliyopo tangu toleo la 4.20 la kiini, ili kujua sehemu ya muda ambayo michakato ilikaa ikisubiri kumbukumbu. Sita, yote hayo yakiwa safi na mfumo bado ni mzito, aulizwe mwenyeji.

Tuchukue mashine pepe ya megabaiti 4,096 isiyo na swapu, yenye kigezo cha ahadi 2 na asilimia 50. Ukomo wa ahadi ni takribani megabaiti 2,048. Java imechukua lundo la 1,536 lote tangu mwanzo, na 300 kwa mahitaji mengine. PostgreSQL imechukua 128 kwa hifadhi yake ya pamoja. Ahadi zimefika 1,964, na zilizosalia ni 84. Mwisho wa mwezi watumiaji wanapoongezeka, PostgreSQL hujaribu kuanzisha mchakato mpya kwa kila muunganisho, na ombi hukataliwa. Amri ya free huonesha karibu megabaiti 2,000 zilizo huru. Aliyekataa ni kiini cha mgeni, kwa daftari la ahadi. Swapu ya megabaiti 1,024 huupandisha ukomo hadi 3,072. Kupandisha asilimia hadi 80 huufikisha takribani 3,276 bila kugusa diski. Hakuna haja ya kununua kumbukumbu.

Sasa tuchukue mashine ya ukubwa uleule, ambamo kigezo cha ahadi ni 0 na Java imo katika kontena lenye ukomo wa 2,048 na swapu sifuri. Lundo limepangiwa 1,900, na mahitaji mengine ni 300. Jumla ya 2,200 imezidi ukomo kwa 152, lakini lundo hujaa tu ripoti kubwa zinapoandaliwa. Java hutoweka kwa msimbo 137. Msimamizi akiongeza swapu ya gigabaiti 2 katika mfumo mkuu hapati nafuu, kwa kuwa kontena haliruhusiwi kuigusa. Tiba ni kushusha lundo hadi 1,536 au kupandisha ukomo wa kontena. Kwa mtumiaji aliye Bukoba mikasa hii miwili inafanana kabisa: ukurasa haufunguki, ni mwisho wa mwezi. Swapu iliyotibu wa kwanza haina msaada wowote kwa wa pili.

7.0 Mjadala

Hoja yaweza kutolewa kwamba kununua kumbukumbu zaidi ni njia rahisi kuliko uchunguzi. Hoja hii ina uzito pale mzigo wa kazi umekua kweli, na vipimo vya shinikizo vikithibitisha hivyo, nyongeza ndiyo tiba sahihi. Hata hivyo, katika mifano miwili iliyojadiliwa mashine ilikuwa na karibu nusu ya kumbukumbu yake bila kazi. Nyongeza ingelipwa kila mwezi. Katika mfano wa kwanza ingeliondoa tatizo kwa gharama isiyohitajika. Katika wa pili isingeliondoa kabisa.

Yapo pia mambo ya kitaasisi. Wadhibiti wanne huwa chini ya watu tofauti: mtayarishaji wa programu, msimamizi wa makontena, msimamizi wa mashine pepe, na mtoa huduma. Kila mmoja aweza kuthibitisha kwa haki kwamba upande wake uko salama, na tatizo likabaki bila mwenyewe. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika suala hili madaftari yapo manne, na kinachokosekana ni mtu anayeyasoma yote pamoja. Taasisi inayotegemea seva pepe inafaa kuwa na ukurasa mmoja unaoorodhesha kila ukomo uliowekwa, thamani yake, aliyeuweka na sababu yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba kushindikana kwa ugawaji wa kumbukumbu katika mifumo endeshi pepe ni uamuzi wa mmoja kati ya wadhibiti wanne, na kila mmoja ana ushahidi wake na tiba yake. Yamebainisha pia kwamba swapu ni ghala na ni dhamana kwa wakati mmoja: kama dhamana huweza kuondoa tatizo bila kuandikiwa hata ukurasa mmoja, kama ghala ina ukomo wa kasi na wa mamlaka. Kwa watunzi wa programu wanaotafsiri ujumbe wa makosa kwa Kiswahili, inapendekezwa watumie kauli ya kutendwa kila inapowezekana, na kumtaja mtenda. Ujumbe usemao "ombi limekataliwa na ukomo wa kontena" ungempunguzia msimamizi hatua tatu kati ya sita zilizoorodheshwa hapa, na ungemrejeshea ofisa wa takwimu ukurasa wake mapema zaidi.